Waulize Wanapandaje Mlima

Machi ikielekea ukingoni, simu yangu haitulii. Ndugu walioko Dar es Salaam, shemeji aliyeko Tanga mjini na kaka yetu mmoja anayefanya kazi Muscat, wote hukumbuka kwa mpigo kwamba katika ukoo wao yumo kijana mwenye usonji kule Lushoto. Sababu ni tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwishoni mwa mwaka 2007 iwe ya kuielimisha dunia kuhusu usonji. Wanataka kuchangia, Mungu awazidishie. "Dada, tupe jina la shirika zuri," wananiandikia, na wengine hunitumia picha ya bango waliloliona mtandaoni, wakitaka niseme ndiyo au hapana.

Orodha sina. Nina swali ambalo huwaomba wao wenyewe wampigie mwenye bango wamuulize: mnapandaje mlima? Wengi hudhani natania.

Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Arusha, hadi Lushoto mjini ni kilometa 30 na ushei za kona na makorongo, na Lushoto mjini ndipo gari la shirika husimama. Sisi hatukai hapo. Tunakaa migongoni mwa milima, kwenye vijiji vinavyoonana kwa macho lakini kuviendea ni kushuka bondeni, kuvuka kijito na kupanda tena. Masika yakikolea hata bodaboda hugoma. Mtoto asiyevumilia kelele humpakii kwenye Noah iliyoshindiliwa abiria na mizigo. Mtoto anayechomoka mbio bila kutazama mbele, na wengi wetu tunao wa namna hiyo, humwachi acheze peke yake mahali ambapo nyuma ya nyumba ni mteremko mtupu. Basi mama hubaki naye nyumbani. Akibaki, shamba linasimama, na shamba likisimama maneno yanaanza ndani ya nyumba, kisha kwa wakwe, kisha kijijini. Huo ndio usonji wa huku kwetu hata kabla hujafika kwa daktari.

Mimi ni mama wa kijana asiyeongea, aliyenipita kimo siku nyingi. Kazi yangu ni mboga: nakusanya karoti, kabichi na viazi kwa wakulima wa huku juu na kuzipakia kwenye magari yanayoteremka usiku kupitia Soni kwenda masoko ya Dar es Salaam. Wazazi wenzangu walinipa uweka hazina wa kikundi chetu kwa sababu hiyo tu, kwamba nimezoea hesabu na sioni haya kuuliza bei mara mbili. Ninayoyasema hapa ni ya mzazi na mchuuzi, msitafute utaalamu mwingine ndani yake.

Milima hii haikuanza jana kupokea misaada. Upande wa Korogwe, kule Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na kufikia 1904 mahali hapo palikuwa pameanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ya Lutindi ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Kwa kizazi cha bibi zetu, mtu aliyekuwa "hayuko sawa" alikuwa na njia tatu: kufichwa chumba cha nyuma, kupelekwa kwa mganga, au Lutindi. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia kwamba mtoto asiyekutazama usoni na anayezungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima hana kichaa.

Hapa Lushoto penyewe tunayo Irente. Watalii wanaijua kwa kilele cha kutazamia nyika ya Mazinde, na kwa jibini na jemu za shambani. Sisi tunaijua kwa shule ya wasioona, na tangu mwaka 2005 kwa shule ya Irente Rainbow, ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, ambayo nayo ni ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa hilo. Mwaka 2007 ikaongezeka Magamba, juu kidogo ya mji, ambako dayosisi ilianzisha chuo kikuu kwa jina la marehemu Askofu Sebastian Kolowa, na ualimu wa elimu maalumu ukawa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo kabisa. Mimi ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa wilaya hii, na sioni tabu kusema kwamba katika jambo hili Walutheri walituwahi. Nimewahi kulisema mbele ya wazee wa msikiti wetu, si kwa kuwasuta, ila walipouliza sadaka ya mwaka ule iende wapi.

Mwanangu hakusoma Irente. Ilianza kama shule ya kutwa, na kutoka kwetu hakuna kwenda na kurudi kwa siku. Alipokelewa kwenye shule ya msingi iliyo karibu zaidi, akakaa darasani na mwalimu mwenye moyo mzuri asiye na mafunzo, kisha akarudi nyumbani. Wazazi wa karibu na mji wana kisa kingine. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu shirika, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama bajeti yao ina mstari wa nauli. Nauli ya mzazi kumfikisha mtoto, au nauli ya mwalimu kumfuata mtoto, yoyote kati ya hizo. Mstari huo usipokuwepo, najua huduma yao itawafikia wale wanaoweza kuisogelea, nao kwa kawaida si wenye shida kubwa.

Jambo la pili linawaudhi wachangiaji, lakini nitalisema. Watu hupenda kununua kitu kinachoonekana: bembea, magodoro, rangi ya ukuta, choo chenye bango la jina la mfadhili. Ukiwaambia hela itakwenda kwenye mshahara wa mtu, sauti inabadilika. "Kumbe mnalipana?" Ndiyo, tunalipana. Katika usonji mshahara ndiyo huduma yenyewe. Hakuna sindano wala kidonge cha kuutibu, na hakuna mashine. Kuna mtu mzima aliyefundishwa, anayekaa na mtoto mmoja muda mrefu akimfundisha kuonyesha kwa kidole anachotaka, kuvaa shati, kusubiri zamu, kwenda chooni. Kazi hiyo hurudiwa miezi mingi na haina picha ya kupendeza. Shirika linalojisifu kwamba kila shilingi yako inakwenda moja kwa moja kwa mtoto linanitia mashaka, kwa sababu nikiulizia linamlipaje huyo mtu, hujibiwa kwamba anajitolea. Anayejitolea akipata kazi ya kulipwa Tanga anaondoka, na mtoto aliyemzoea huanza kujipiga kichwa ukutani. Nimeliona hilo kwenye nyumba ya jirani.

Miaka michache nyuma shirika moja la mjini lilikuja kwetu na mradi wa kuelimisha jamii. Sitalitaja. Lilikuja na gari zuri, vipaza sauti, fulana za buluu na posho ya wanaohudhuria. Mwenyekiti wa kitongoji alihutubia, watoto wetu walisimamishwa mbele, tukapigwa picha, wali ukaliwa. Baadaye mmoja wetu aliiona ripoti yao: maelfu ya watu "wamefikiwa". Sisi wa mboga tunaijua lumbesa, gunia linalopachikwa kilemba cha kamba juu ya mdomo wake ili lionekane moja huku limebeba gunia na nusu, mpaka Wakala wa Vipimo wakalipiga marufuku. Hesabu ya "waliofikiwa" ni lumbesa iliyogeuzwa: kilemba ni kirefu sana, ukifungua ndani ni majani makavu. Siku hizi nikiona tarakimu hiyo kwenye bango nauliza: katika hao, ni watoto wangapi mliowaona zaidi ya mara moja? Swali hilo huwatenganisha haraka.

Nisionekane naidharau kazi ya kuelimisha. Lukiza Autism Foundation ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Hilda Nkabe, naye mama wa mtoto mwenye usonji, huandaa mbio za Run 4 Autism, na nakiri kwamba kumsikia mama wa mjini akimtaja mwanawe hadharani bila kuinamisha uso kulifanya kazi ambayo semina kumi zisingeifanya huku kwetu. Akina baba wawili watatu walianza kusema "mwanangu" badala ya "yule mtoto". Ndugu zangu wa Dar huwa nawaambia wakakimbie, walipe kiingilio, wavae fulana. Kisha nawauliza: na mwezi wa saba je, baridi ya huku ikiwa imeshika na hakuna anayekimbia?

Kuna mambo ambayo hayahitaji hela nyingi na yanabaki mtoa huduma akishaondoka. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wenye kuchelewa kukua au wenye usonji. Ni vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yametungwa makusudi ili mwezeshaji asilazimike kuwa daktari bingwa. Anaweza kuwa mwalimu, mhudumu wa afya au mzazi aliyekwisha kuyapitia. Wenzetu wa Ethiopia na Kenya wamekwisha kuyajaribu. Mimi nilijifunza yanayofanana na hayo kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyetokea Moshi, mji wenye hospitali ya KCMC ambako wataalamu wengi wa fani hiyo nchini walisomea, na wenye kituo cha watoto cha Gabriella kilichoanzishwa na Brenda Shuma, ambaye naye ni wa fani hiyohiyo. Mtaalamu yule alinifundisha kutomkimbilia mwanangu kwa kila kitu: kushika kikombe, kusubiri, kumpa nafasi aniombe kwa namna yake. Nilidhani ni upuuzi. Siku mwanangu aliponishika mkono na kuuelekeza kwenye birika, sikuwa na mtu wa kumweleza isipokuwa karoti zangu.

Kwa hiyo shirika likisema linawafundisha wazazi, nasogeza kiti. Nikisikia lina ziara za nyumbani, nauliza zipi, lini, nani anakwenda na kwa usafiri gani. Zile ziara tatu za Shirika la Afya Duniani, kwenye tambarare ni jambo dogo. Huku ni nusu ya gharama yote, na ndizo zinazokatwa kwanza bajeti ikibana.

Kaka wa Muscat ana marafiki waliohamia Uingereza na Marekani, na ndiye huniletea majina makubwa ya nje. Nimejifunza historia yao kidogo kwa sababu inatuhusu. Usonji ulipoanza kuandikwa na madaktari, Leo Kanner mwaka 1943 kule Marekani, haikuchukua muda lawama ikamwangukia mama. Bruno Bettelheim wa Chicago aliwaaminisha watu hadi miaka ya 1960 kwamba watoto hawa wamefungwa na ubaridi wa mama zao. Nilipoambiwa hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi niliambiwa nimevuka mahali usiku nikiwa mjamzito. Mwenzangu aliambiwa mwanawe ni deni la baba mkwe kwa mizimu. Wazungu wenye vyeti walikuwa na mizimu yao.

Waliokataa lawama hiyo walikuwa wazazi. London, mwaka 1962, kikundi cha wazazi, akiwemo daktari wa akili Lorna Wing aliyekuwa na binti mwenye usonji, kilianzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Kilianza kama tulivyoanza sisi, watu waliochoka kusikia kwamba hakuna shule. Halafu ikaja zamu ambayo sisi wazazi hatuipendi sana: watoto walikua. Mwaka 2006 Marekani watu wazima wenye usonji wenyewe walianzisha Autistic Self Advocacy Network, wakisema lisiamuliwe jambo lao wao wakiwa nje. Waligombana hasa na Autism Speaks, shirika kubwa lililoanzishwa mwaka 2005 na babu na bibi wa mtoto mwenye usonji, kwa sababu ya matangazo yaliyouonyesha usonji kama balaa lililovamia nyumba na kwa kulenga kuutokomeza. Mwaka 2016 Autism Speaks liliondoa neno la tiba kwenye madhumuni yake.

Wazazi wenzangu wengine wanaona ugomvi huo ni wa watu walioshiba. Mimi siuoni hivyo. Mwanangu haongei, hawezi kukaa kwenye bodi ya mtu. Lakini nikisoma maelezo ya mtu mzima mwenye usonji anayeeleza kwa nini sauti ya jenereta inamchoma, ndipo naelewa kwa nini mwanangu hukimbia siku ya gulio. Hakuna mzazi wala daktari aliyewahi kunieleza hivyo. Basi huuliza: katika watu wanaoamua hela iende wapi, yumo hata mmoja mwenye usonji? Kama hayumo, wamo wazazi? Kama wote ni wafanyabiashara na wachungaji na masheikh, nawaheshimu, lakini naona ni watu wa kuchangisha, si wa kuamua.

Kwa mashirika ya nje yanayotafiti chembe za urithi, huwa namwambia kaka asiyape hela yake. Yana wafadhili wakubwa kuliko sisi. Lakini sitaki aseme dada yake anachukia utafiti. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa hapa Tanzania. Watoto 14 kati yao walithibitika kuwa na usonji, na watatu walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, ndipo usonji ukaonekana walipopona. Kwa watoto wanne wengine watafiti walisita, kwa sababu malaria imejaa nchini na dalili huenda zilikuwepo tangu awali. Ni watoto wachache na malaria haiwezi kuwa sababu ya usonji wote, wala watafiti hawakudai hivyo. Ila nani wa London ataliuliza swali hilo? Mtafiti wa Tanzania akija kuomba mchango wa kulifuatilia, nitatoa.

Wa dawa siwapi hata nafasi ya kumaliza. Wapo wenye mitishamba, wenye maji ya kuombewa, wenye virutubisho vya kopo vinavyouzwa kwa mtindo wa kuandikisha wateja, na siku hizi wapo wanaojiita taasisi na kuchangisha ili mtoto fulani apelekwe nje "akatolewe usonji". Ukiona neno kupona kwenye bango, okoa hela yako.

Kuhusu picha nina ukali kidogo. Kuna mtoto wa kikundi chetu ambaye uso wake, akiwa na udongo mdomoni, ulitumika kwenye tangazo la kuchangisha bila mama yake kujua. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtoto zimo ndani yake, lakini mama yule hakuwa na habari ya sheria wala nguvu ya kushitaki. Alichotuambia ni kwamba mtoto yule alikuwa ametoka kuogeshwa asubuhi hiyohiyo, na mpiga picha alisubiri achafuke. Shirika linalohitaji mwanangu aonekane wa kusikitisha ndipo lipate hela litahitaji abaki hivyo mwaka ujao pia.

Hesabu sasa. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa kwa sheria ya mwaka 2002, na hutakiwa kumpelekea Msajili ripoti ya kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza kwamba fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani. Kwa hiyo ukiomba kuona hesabu za shirika humvunjii mtu heshima. Anayekasirika amekujibu. Vikundi vidogo kama chetu hatuna mkaguzi. Tuna daftari, na daftari linasomwa kwa sauti kila kikao, wasiojua kusoma wakiwa wamekaa mbele. Ndugu zangu wa mjini huona daftari ni ushamba. Mimi nimeona hesabu zilizochapwa kwa rangi ambazo mtu mmoja tu katika ofisi nzima ndiye aliyezielewa.

Na mtoe mkijua kwamba serikali nayo ina deni. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na mbili katika hizo kumi ni za watu wenye ulemavu. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kuna chuo cha ualimu wa elimu maalumu Patandi, Arusha, kinachotoa walimu kila mwaka. Mchango mzuri kuliko yote tuliowahi kupata haukuwa wa chakula. Ulikuwa nauli na posho ya mwenzetu mmoja kufuatilia ofisini, wiki baada ya wiki, hadi shule ya kata jirani ikapangiwa mwalimu mwenye fani. Mfadhili alitutumia hela ile kwa kusitasita, maana hakukuwa na kitu cha kupiga picha. Mwalimu yuko kazini, na serikali ndiyo inayomlipa.

Wazee wa msikiti, niliowataja, walitaka mchele na sukari. Ramadhani watu hupenda kutoa futari, na mama mwenye mtoto kama wangu huwa wa kwanza kwenye orodha. Tulizungumza kwa adabu na kwa muda mrefu. Mzee mmoja alisema sadaka haimchagulii mpokeaji. Nikamwambia ni kweli, mzee wangu, ndiyo maana naomba mpokeaji aulizwe. Mwishowe waligawa: mchele ukatolewa, na kiasi kikawekwa cha kumlipa kijana wa bodaboda ampeleke mwalimu kwenye nyumba nne za mbali kila mwezi hadi masika yalipoisha. Sijui kama walifurahi. Mwaka uliofuata walitenga tena bila kuombwa.

Limebaki jambo ambalo sina jawabu lake, na kaka amelileta mwaka huu bila kujua alivyonigusa. Mashirika karibu yote ninayoyajua ni ya watoto. Mabango ni ya watoto, bembea ni za watoto. Mwanangu ana ndevu. Anachambua karoti kwa ukubwa, kubwa huku, ndogo kule, zilizopasuka pembeni, na sijawahi kupata kibarua anayezichambua vizuri kumzidi. Wanunuzi wangu wa Dar wanajua magunia yake bila kuambiwa. Nikiwepo mimi, ana kazi. Nisipokuwepo, hakuna wa kumwamsha, kumpikia wala kumzuia asiifuate barabara ya Mombo usiku. Kaka ameniandikia kwamba mwaka huu ana hela ya maana na angependa iende kwa shirika linaloshughulika na watu wazima wenye usonji ambao wazazi wao wamezeeka au wamefariki, vijijini, si Dar es Salaam.

Nimeuliza Tanga, nimeuliza Moshi, nimempigia yule mtaalamu aliyenifundisha mambo ya birika. Kila mmoja amenitajia kituo cha watoto. Nimemwambia kaka aishike hela yake kwanza. Kama wewe unayesoma unalijua shirika la namna hiyo, nitafurahi kupata namba yao, nami nitawapigia niwaulize wana mishahara ya watu wangapi, na kutoka Mombo wanapandaje.